Kudabo, kapo au kupumzisha mkono? Gita la kucharaza lisiboe kwenye nyimbo tunazorekodi gheto

Piga hesabu kidogo hapa. Wimbo wa dakika 3, tempo 92 (yaani mipigo 92 kwa dakika), kila pigo mkono wa kulia unashuka na kupanda bila kusimama, hiyo ni mipigo 552 ya kucharaza. Na kama kodi zako ni nne (kodi za gita, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, zile za TRA tuziache kwanza), kila moja mipigo minne, basi mzunguko uleule unajirudia mara 17 hivi. Sasa we ukiwa unapiga husikii shida, maana mwili unacheza na mkono unafurahi, shida inakuja kesho yake unasikiliza kwenye simu, vesi ya kwanza safi, korasi safi, afu vesi ya pili ikianza unajikuta ushafungua WhatsApp. Na huo ni wimbo wako mwenyewe uliotunga kwa uchungu!

Nimekaa na hili tatizo muda mrefu, kwaiyo safari hii nikaamua nisibahatishe. Nikachukua wimbo wangu mmoja, kodi ni Am, F, C, G, tempo hiyo hiyo 92, nikaurekodi gita lake kwa njia tofauti tofauti afu nikaziweka zote kwenye projekti moja niwe nazima hii nawasha ile. Vifaa ni vya kawaida kabisa, gita moja la nyuzi sita, maiki moja ya USB, laptopu, chumba chenye bati juu na godoro nimelisimamisha ukutani. Nikasikiliza kwa hedifoni, kwa spika ya bluetooth, na kwa simu ya dogo ambayo ina spika moja tu huku chini. Hiyo ya mwisho usiidharau, maana watu wengi wataisikia kazi yako kupitia hapohapo.

Kigezo changu kilikuwa swali moja tu, korasi ikiingia, kuna kitu kipya kimeingia? Maana nilichokuja kugundua ni kwamba gita la kucharaza haliboi kwa sababu liko peke yake. Linaboa kwa sababu tangu sekunde ya kwanza limeshajaa kila mahali, besi limechukua lenyewe, juu limechukua lenyewe, kila pigo lipo, sasa korasi ikija iongeze nini?

Kukopi na kupesti, au kudabo kweli?

Hapa nitapita haraka sababu jibu ni moja. Kudabo ni kupiga sehemu ileile mara mbili kwa mkono wako, traki moja unaitupa kushoto nyingine kulia, na zile tofauti ndogo ndogo za mkono, hapa umewahi kidogo, pale umegusa uzi mwingine, ndo zinafanya sikio lisikie upana. Ukikopi traki ileile ukaipesti, hata uzitupe kushoto na kulia zitarudi katikati tu, maana ni kitu kilekile kimejijumlisha, sauti imepanda basi. Najua kuna ule ujanja wa kuisogeza kopi milisekunde 15 au 20, na kwenye hedifoni unapanuka kweli, nilifurahi kama dakika mbili hivi, afu nikaweka kwenye simu ya dogo. Zile traki zikakutana kwenye spika moja zikaanza kukatana, gita likawa linalia kama liko ndani ya bomba la maji. Achana nayo, piga mara mbili.

Kudabo na sauti ya pili, hapa ndo penye mchezo

Watu wengi tukisikia gita limekuwa jembamba kitu cha kwanza ni kudabo. Na kuna faida kweli, ukitupa magita pembeni unaacha katikati wazi, voko, yaani sauti ya mwimbaji, inakaa pale kama mfalme hata hujaigusa ikwalaiza (ile ya kupunguza na kuongeza besi au sauti za juu). Kwa nyimbo ambazo voko ndo kila kitu, hiyo peke yake inatosha kuifanya kazi isikike kama ya studio.

Ila gharama zake nazo zipo. Lazima upige kwa kliki (ule mlio wa kuhesabu tempo unaousikia kwenye hedifoni), na lazima upige vilevile, ukichelewa sehemu moja inasikika kama mtu ameangusha sufuria. Afu kumbuka ukipiga mara mbili unarekodi na feni mara mbili, na friji ya jirani mara mbili, na jogoo kama ana bahati. (Mi siku hizi umeme ukikatika sinuni, laptopu ina chaji, feni zote mtaani zimezima, friji zimenyamaza, hapo ndo nakimbilia gita. Nimepata teki zangu nzuri kuliko zote gizani.) Na lile kubwa zaidi, kudabo kunakupa upana, hakukupi mabadiliko. Ukidabo kuanzia intro mpaka mwisho, sikio linazoea ndani ya sekunde kumi tu, afu unarudi palepale, wimbo mpana unaoboa badala ya wimbo mwembamba unaoboa.

Sauti ya pili ni kitu kingine kabisa. Hapa hupigi kitu kilekile, unapiga kodi zilezile lakini sehemu nyingine ya gita. Njia rahisi ni kapo, kile kibanio kinachofungwa shingoni mwa gita kubana nyuzi zote. Kwa wimbo wangu wa Am, F, C, G, unaweka kapo freti ya 5 (freti ni vile vyuma vya kwenye shingo), afu unapiga maumbo ya Em, C, G, D. Sauti inayotoka ni Am, F, C, G zilezile, ila zimepanda juu, nyuzi zinalia kwa uwazi, na kama F inakuumiza kidole basi ndo umepona, F yote imegeuka kuwa C ya kawaida. Uzi mnene wa sita ambao ulikuwa unalia kwenye hezi 82 (hezi ni kipimo cha kimo cha sauti) sasa unaanzia 110, maana yake gita la pili limeshaachia nafasi ya chini bila we kukata chochote kwenye ikwalaiza. Ukifunga kapo tyuni upya, zinapenda kuvuta nyuzi zikapanda kidogo, na ukiwa na magita mawili kwenye wimbo hiyo kidogo inasikika kinoma. Huna kapo? Kalamu ngumu na mpira wa tyubu ya baiskeli, kaza vizuri, inafanya kazi. Sio nzuri kuiangalia ila kwenye rekodi haionekani.

Njia ya pili ya kupata sauti ya pili haihitaji hata kapo, na ndo hii iliyoniteka moyo, kodi ndogo za nyuzi tatu. Unachukua nyuzi tatu za chini kabisa, zile nyembamba, uzi wa tatu, wa pili na wa kwanza, basi. Am ni freti 5-5-5. F ni 5-6-5. C ni 5-5-3. G ni 4-3-3. Angalia hapo, vidole havitoki nje ya freti ya 3 mpaka ya 6, kodi nne zote ziko kwenye kiganja kimoja, na ukihama kutoka Am kwenda F kidole kimoja tu ndo kinasogea freti moja. Hiyo ndo inafanya isikike kama mtu anaimba, maana sauti hazirukiruki.

Hili jambo lakini sio la kwangu. Mtaani kwetu kuna mzee alikuwa anapiga rizimu, lile gita la kushikilia mwendo, kwenye bendi ya dansi zamani, sasa hivi ana duka la spea, nikamsikilizisha wimbo wangu wa mwanzo ule nilioudabo. Akasikiliza mpaka mwisho bila kusema kitu, afu akaniuliza, mwanangu, hapa wapo wapigaji wangapi? Nikamwambia ni mimi tu mzee, nimepiga mara mbili. Akasema ndo maana, nasikia rizimu wawili wanagombania kiti kimoja.

Aisee nililala na hilo neno. Ukisikiliza dansi letu vizuri, kazi imegawanywa. Rizimu ana mpigo wake haubadiliki badiliki, besi anacheza kwa kuacha mashimo, solo yuko juu, na katikati kuna yule wa solo la pili, ambaye kwa Wakongo wanamuita mi-solo, kazi yake ni kujaza pale rizimu alipoacha na pale solo hajafika. Hakuna anayecharaza kodi nzima nyuzi sita muda wote, wangekanyagana. Na wimbo ukifika kwenye chemko kila mtu anabadilisha kazi yake, ndo maana unanyanyuka kwenye kiti hata kama ulikuwa umechoka. Sisi wa gheto tunachukua kazi ya watu wanne tunaibebesha mkono mmoja wa kulia afu tunashangaa mbona wimbo hautembei.

Kwaiyo kwenye ile projekti yangu nikaweka hivi, gita la kwanza linacharaza kawaida, nimelisogeza kushoto asilimia 60 hivi sio mpaka mwisho, la pili linapiga zile kodi ndogo za nyuzi tatu, kulia asilimia 60, na halicharazi kila pigo, linagonga kwenye pigo la pili na la nne tu kwa kukata. Kwenye hedifoni, tofauti na kudabo ni kubwa. Kwenye simu ya spika moja ndo nikashangaa zaidi, kudabo kulikuwa kumegeuka uji, magita mawili yamekuwa moja lenye ukungu, lakini sauti ya pili bado naisikia, maana haitegemei kushoto na kulia, inatofautiana na mwenzake kwa kimo. Kwangu mimi hapo mechi iliisha. Kama una nafasi ya traki mbili tu za gita, piga sauti ya pili, kudabo iwe baadaye.

Kati ya kapo na kodi ndogo sasa? Kapo ni rahisi kwa mtu anayejua maumbo ya kawaida, unacheza leo leo, na inafaa nyimbo za taratibu ambazo unataka nyuzi zilie kwa muda mrefu. Kodi ndogo zinataka wiki moja ya mazoezi, ila zinakupa uwezo wa kukata na kuacha, na wimbo wenye ngoma na besi zinaupenda zaidi sababu hazijazi. Wimbo wa gita na voko tupu, kapo. Wimbo wenye biti, kodi ndogo. Hapo siumi maneno.

Nyuzi nyembamba za juu

Kuna kitu Wamarekani wanakiita tyuni ya Nashville. Unatoa nyuzi nne nene, ya sita, ya tano, ya nne na ya tatu, unaweka nyembamba zinazolia oktavu moja juu, mbili za mwisho unaziacha. Ni kama umechukua gita la nyuzi 12 ukatoa zile nene ukabaki na wenza wao. Unapiga maumbo yaleyale uliyozoea, hakuna kujifunza kitu, ila kinachotoka ni kama mvua ya manyunyu, inang'aa, haina besi kabisa. Ukiiweka nyuma ya gita la kawaida, kwa sauti ndogo, pamoja vinasikika kama gita moja kubwa la ajabu.

Kwa uzuri wa sauti tu hii inaipiga kapo. Naisema wazi. Shida ni kila kitu kingine. Gita likishafungwa hivyo halifai kwa kazi nyingine, kwaiyo unahitaji gita la pili, au uwe na moyo wa kubadilisha nyuzi nne kila ukitaka kurekodi. Afu ule uzi wa tatu ndo unakuwa mwembamba kuliko wote, ni wa inchi 0.009, unavutwa mpaka hezi 392, juu hata ya uzi wa kwanza, na unakatika. Wa kwangu ulikatika mara mbili kwenye jioni moja, mara ya pili ulinichapa shavuni. Nyuzi zenyewe kuzipata mojamoja ni kutembea duka kwa duka, mi niliishia kununua seti ya nyuzi 12 nikatumia nusu. Kwaiyo kama una gita bovu bovu hapo nyumbani limekaa juu ya kabati, shingo bado nzima, hilo ndo lifunge hizi nyuzi liwe la kazi hiyo tu. Kama gita ni moja, kapo inakupa kama robo tatu ya utamu huo bila kuchapwa.

Kupumzisha mkono

Sasa nije kwenye ile njia ambayo haihitaji traki ya pili, wala kapo, wala hela, na ndo watu hatuitaki, kupunguza. Sijui kwanini, nadhani tukishika gita tunaona aibu kunyamaza, kama mtu aliyealikwa kwenye shughuli akakaa bila kula.

Nilirekodi wimbo mzima kwa gita moja tu, traki moja, lakini nikajiwekea sheria. Vesi ya kwanza, kodi moja pigo moja, nashusha mkono mara moja naiacha ilie mpaka kodi inayofuata. Hiyo tu. Mwanzoni nilijisikia mjinga, nasikia ukimya mwingi, ila voko ilipoingia nikaelewa, maneno yanasikika kila silabi, na kila kodi ikija inakuwa na uzito. Nusu ya pili ya vesi nikaanza kucharaza lakini nimekaba nyuzi kwa kiganja pale karibu na daraja, inatoa sauti ya tum tum, na nikawa nagusa nyuzi tatu nene tu. Kabla ya korasi nikasimama. Mipigo miwili ya ukimya kabisa. Afu korasi, mkono wote, nyuzi sita, wazi.

Ndugu zangu, ile korasi ilikuwa kubwa kuliko ile niliyodabo. Gita moja! Kwenye simu ya spika moja! Hakuna kilichoongezeka, ni kwamba kilichotangulia kilikuwa kidogo.

Ukilinganisha na kudabo, hii ni bure kwa vifaa ila ni ghali kwa mkono, maana ukipiga kidogo kila kosa linasikika. Pigo moja la kodi likiwa na uzi uliozibwa vibaya, hakuna pigo lingine la kulificha. Ukicharaza mfululizo unaweza kukosea mia mbili na hakuna atakayejua, ndo siri ya kucharaza, ni blanketi. Na pia inategemea wimbo, wimbo wa kuchezeka wenye kasi ukiupunguza sana unapoteza mwendo, labda kama una ngoma au shekere inashika ule mwendo kwa niaba yako. Nimejaribu na kijiti kwenye kopo la mchele, ilitosha.

Kuna kipengele kimoja kidogo ndani ya hili watu wanakisahau, piki, kile kiplastiki cha kucharazia. Ukicharaza na piki nyembamba ya milimita 0.46 gita linatoa ule mlio wa juu kama brashi, linakaa nyuma ya voko vizuri. Piki nene zaidi, ya 0.73 kwenda juu, inatoa kodi iliyojaa, yenye kifua. Nyama ya dole gumba bila piki ni laini, nzuri sana kwa vesi. Kwaiyo wimbo mmoja, vesi ya kwanza dole gumba, korasi piki nene, vesi ya pili nyembamba, ni gita lilelile lakini msikilizaji anahisi chumba kimebadilika. Kabla hujanunua plagini yoyote (programu za kubadilisha sauti kwenye laptopu) nunua piki tatu.

Kudonoa badala ya kucharaza

Hii ni kuacha kucharaza kabisa sehemu fulani, unadonoa nyuzi moja moja kwa vidole. Na huku kwetu ukitaja kudonoa lazima umtaje Jean Bosco Mwenda, mpiga gita wa Kongo, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, gita moja tu, dole gumba na kidole cha shahada, besi inatembea huku melodi inaimba juu yake. Ukisikiliza unatafuta mtu wa pili yuko wapi. Hakuna mtu wa pili.

Sasa sisemi tupige vile, vile ni maisha ya mtu. Ila hata kudonoa kwa kawaida, dole gumba kwenye uzi wa besi wa kodi, afu vidole vitatu kwenye nyuzi tatu nyembamba kwa zamu, kunabadilisha vesi ya pili ikawa sehemu mpya ya wimbo. Na hapo ndo napendekeza ikae, vesi ya pili, sababu ndo mahali watu wanapotukimbia. Vesi ya kwanza kila mtu anakuvumilia.

Ukiilinganisha na kupumzisha mkono, kudonoa kuna mwendo zaidi, hakuachi shimo, kwaiyo kunafaa kama huna ngoma. Ubaya wake ni sauti ndogo. Unapiga korasi kwa nguvu afu vesi ya vidole inapotea, unapandisha, unapandisha na feni. Mi nimeamua kudonoa narekodi kwenye traki yake peke yake, maiki naisogeza karibu, sentimita 15 hivi, nikielekeza pale shingo inapokutana na mwili, freti ya 12 kwenda 14. Kwenye kucharaza nairudisha nyuma mpaka 30. Kamwe usiielekeze kwenye tundu, tundu linakohoa besi tu.

Efekti

Sitakaa sana hapa. Diley ukiiweka iendane na tempo ni nzuri, kwa 92 pigo moja ni milisekunde 652, ukiweka robo tatu yake, 489, inakupa ule mwangwi unaodunda katikati ya mipigo. Tremolo, ile inayofanya sauti ipande na kushuka haraka haraka, nzuri kwenye briji (kile kipande tofauti kabla ya korasi ya mwisho). Riverbu kila mtu anaijua na kila mtu anaizidisha. Ila ukizilinganisha na njia zote za juu, efekti zinapamba kitu ambacho tayari kinatembea. Gita linaloboa likiwekewa diley linaboa mara tatu, tena kwa zamu. Kitu pekee ambacho ningekifanya kila wimbo ni kukata chini ya hezi 100 kwenye gita kama kuna besi, na kama magita ni mawili, lile la pili kata hata mpaka 200, hutasikia limepungukiwa chochote likiwa ndani ya miksi.

Sasa we uchague ipi

Inategemea umekaa wapi. Una simu tu, apu ya bure, na nyumba yenye kelele, nenda na kupumzisha mkono, traki moja, usirundike kelele. Jaribu usiku wa manane au mvua ikiisha, sio ikinyesha, bati halina adabu. Una laptopu na kliki na mkono umeshatulia, gita moja la kucharaza na la pili la kodi ndogo, afu korasi ya mwisho tu ndo udabo lile la kwanza. Una magita mawili, la zamani lifunge nyuzi nyembamba, hutajuta. Kama hujawahi kupiga kwa kliki, usiguse kudabo kwanza, utakesha unakata na kuunganisha vipande afu asubuhi wimbo umeshauchukia. Mi yalishanikuta.

Na kama wimbo wenyewe una maneno mazito, wa msiba, wa mama, wa mapenzi yaliyovunjika, mi ningesema gita moja, maiki moja, piga na kuimba kwa wakati mmoja, kliki hapana. Tempo itapanda na kushuka kidogo, na hiyo ndo inakuwa mabadiliko yenyewe. Ubaya hutaweza kuongeza gita la pili baadaye bila jasho, na voko ikikosewa unarudia vyote.

Wimbo wangu ule mwishowe umekaa hivi. Intro gita moja linadonoa. Vesi ya kwanza kodi moja pigo moja kwa dole gumba, nusu ya pili imekabwa. Mipigo miwili kimya. Korasi kucharaza kushoto, kodi ndogo kulia. Vesi ya pili kucharaza kumeondoka kabisa, zimebaki kodi ndogo peke yake, na hapo ndo kila niliyemsikilizisha anatikisa kichwa, sikutegemea. Briji nimeiacha voko na kopo la mchele. Korasi ya mwisho vyote, na nyuzi nyembamba za juu zikiwa chini chini kabisa, ukizizima ndo unajua zilikuwepo. Nikampelekea yule mzee dukani, safari hii nikamtumia kama dokumenti ili WhatsApp isiikamue. Akasikiliza kwenye kisimu chake katikati ya kelele za pikipiki, akaniuliza tena wapo wangapi. Nikamwambia bado ni mimi tu mzee. Akaguna, akasema yule wa kulia mwambie asiharakishe kwenye G.

Ni kweli, naharakisha kwenye G. Leo usiku narudia.